Mbuzi ya Umeme

Haya yalimfika sahibu yangu Mbarouk, fundi wa Mwanakwerekwe. Mkewe, Radhiya, alikuwa akiumwa viganja kila akikuna nazi, basi Mbarouk akaanza kumuundia mbuzi ya umeme kwa mota ya mashine kongwe ya kufulia. Kabla haijesha, Radhiya akafariki.

"Imalize, mwanangu," mkwewe alimwambia, "tukunie nazi za hitma yake."

Alasiri moja, kazi ilipokwisha, Mbarouk akajifungia katika banda lisilo na dirisha, ilimokuwa pia mbuzi ya mkono ya Radhiya, akaiwasha ile ya umeme, akaanza kukuna nazi. Mara umeme ukakatika. Giza, mota ikanyamaza. Lakini mkuno uliendelea, kwaru, kwaru, taratibu, kama wa mkono.

"Nani?"

Ukakoma. Akafungua mlango. Kuku wa Radhiya, aliozoea kuwatupia nazi kidogo kila akikuna, walikuwa wamejipanga kizingitini, wote wakiikazia macho mbuzi ya mkono ya marehemu, nyuma ya Mbarouk.