Jina Lililoachwa Mtoni

Harufu ya salfa iliingia nyumbani kwa Munira mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinanyesha, wakati ambapo hakuna mtu hata mmoja kijijini Marambo anayeipulizia mikorosho dawa hiyo. Ilikuwa saa sita mchana. Alitoka uani akanusa huku na huku, akachungulia stoo, akainua hata mfuniko wa mtungi. Hakuona kitu. Aliporudi ndani, simu aliyoiacha kitandani ilikuwa imehamia kwenye mkeka, na kioo chake kilikuwa cha moto.

Mwanawe Faridi, wa miaka miwili, alisimama kando akiitazama. Hakuwa anacheza.

Munira alikuwa mtu wa haya. Mbele za watu sauti yake haikufika hata katikati ya chumba. Lakini akishika simu, kidole gumba chake kilikuwa na maneno. Mumewe Rashidy alipokwenda kuchimba dhahabu Namungo, miezi ikapita bila kutuma kitu, alijifunza kuandika makala kwa ajili ya mtandao mmoja unaowalipa waandishi kwa kadiri wanavyosomwa. Aliandika namna ya kuhifadhi ufuta usiingiwe na wadudu, uji wa mtoto asiyependa kula, na jinsi ya kuishi na mama mkwe mkali. Watu walisoma. Chakula cha Faridi, sabuni, hata mabati ya jikoni, vyote vilitoka kwenye kidole kile.

Ila jina lake aliona haya kuliweka. Aliweka Zuena.

Zuena ndilo jina aliloitwa utotoni. Siku alipotoka unyagoni alipewa la Munira, na lile la zamani likaachwa mtoni pamoja na nguo za kitoto. Kwao, mtu aliyekwisha kuchezwa unyago haitwi tena jina la kwanza. Kumwita hivyo ni tusi la kuitishiwa kikao. Basi Munira aliwaza: jina ambalo hakuna anayethubutu kulitamka, nani atanijua kwalo?

Aliyejua ni jirani yake tu, Rahel, muuza vocha. Jioni ile alikuja anacheka.

"Mama Faridi, upole wako wa uongo! Makala ya leo moto! Kumbe yule mzee wa mashine ya kusaga ameficha jiwe chini ya mzani?"

"Makala gani?"

"Acha zako. Si hii hapa, Zuena?"

Munira alisoma mpaka mwisho. "Rahel, leo sijaandika."

"Sasa kaandika nani, paka?"

Kesho yake watu waliufunua ule mzani. Jiwe lilikuwepo.

Kuanzia hapo, kila saa sita mchana salfa ilinuka, na makala mpya ilitokea, yenye siri ya mtu na siri yenyewe ya kweli. Wasomaji waliongezeka. Munira alibadilisha neno la siri, haikusaidia. Akazima simu, akaiviringisha ndani ya kanga, akaifungia sandukuni na kulikalia sanduku lile, na hapo chini yake, kupitia mbao, akasikia kucha zikigonga kioo, ndogo ndogo, haraka haraka, kwa kasi isiyowezwa na kidole cha mtu yeyote.

Jumatano alikuta makala ambayo haijatoka, inayosubiri siku yake. Kichwa chake kilisema: Jinsi Nilivyomzika Mwanangu Faridi Siku ya Ijumaa. Mlikuwa na kila kitu ndani yake, maji ya kumwoshea na nani aliyeyachota, kanga gani ilitandikwa, wanaume wangapi walifuata kaburini na mvua ilivyowakuta njiani, na alipokuwa akisoma mstari wa mwisho mtoto aliyekuwa mgongoni mwake alianza kuchemka mwili kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Aliifuta. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi imeongezwa sentensi.

Zahanati walimpima Faridi, malaria hamna, wakampa dawa ya homa. Homa haikushuka. Alhamisi Munira alimbeba mpaka kwa Bi Saada, kungwi aliyemcheza unyago.

Kikongwe alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akanong'ona, "Mwali wangu, jina lililoachwa ni nyumba iliyohamwa. Ataingia asiye na kwao. Na wewe ukaja kuifagia, ukawasha taa, ukakaribisha na wageni?"

"Sasa nifanye nini, bibi?"

"Simu tukaitupe mtoni. Na usiandike tena, mpaka kufa kwako. Kitu hicho kikikosa chakula, kitaondoka."

Munira aliinamisha kichwa, kama siku zote. Halafu akakiinua.

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Nikiacha kuandika, huyu atakula nini? Kimeingia kwenye jina langu. Mbona nihame mimi?"

"Munira!"

"Zuena," akajibu.

Bi Saada alijiziba masikio kwa upindo wa kanga. "Usilitamke mbele yangu! Utatuua!"

Ijumaa saa sita Munira alikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, akaacha mlango wazi. Kuku walinyamaza uani. Salfa ilikuja, kali mpaka machozi yakamtoka, na nyuma yake ikaja sauti ya mtoto wa kike, sauti ambayo Munira aliijua kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe alipokuwa na miaka saba.

"Hodi. Mimi Zuena. Nimekuja kumchukua mtoto, nicheze naye."

Munira alifungua kinywa na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka: "Mwongo wewe, Zuena ni mimi, mimi ndiye niliyeungua mguu kwa uji wa mtama, mimi ndiye niliyefiwa na baba nikiwa darasa la tatu, mimi ndiye niliyemaliza la saba nikaambiwa inatosha, na jina hili hakuna aliyekupa, nilivuliwa tu, na leo nalivaa! Haya, wewe ni nani?"

Alimkumbatia Faridi, akauliza tena.

"Nimekuuliza. Jina lako nani?"

Kitu kikaanza kukwaruza ukuta, kikizunguka nyumba, kikapita dirishani, kikapita nyuma ya jiko, kikizidi kwenda mbio kama mtu anayetafuta mlango aliokuwa akiingilia jana na leo haupo, mpaka kikafika kwenye kona ya choo, kikakoma. Kuku mmoja akalia.

Munira alichukua simu. Mahali pa jina la mwandishi aliandika Munira Zuena Bakari, akaweka na picha ya uso wake. Akaifuta ile makala. Akasubiri. Haikurudi.

Jasho lilikuwa likimtiririka Faridi. "Mama, uji," akasema.

Magharibi Bi Saada alifika peku, kanga moja imemdondoka njiani.

"Kiko kwangu," alinong'ona. "Kinaniita. Jina la kabla sijachezwa. Wote waliolijua wamekufa!"

Munira alisogea, akampa nafasi kwenye mkeka.

"Kaa, bibi. Lilikuwa nani?"

"Nikilitamka..."

"Ukilitamka ni lako."

Nje, salfa ilikuwa imeanza kunuka. Mara ya kwanza kikongwe alilinong'ona, halikusikika. Mara ya pili Munira alimshika mkono. Mara ya tatu alilisikia hata Rahel, kule dukani kwake.