Orinda Hajatuliwa Mzigo

Siku ya tatu baada ya kupewa jina la babu yake, mtoto alianza kuinamisha shingo. Kila jua lilipofika utosini, kichwa kilimdidimia kifuani, na nyumba nzima ikanuka magunia yaliyolowa mvua.

Babu huyo, Orinda, alikamatwa na watu wa chifu akabebe mizigo ya vita vya Wazungu huko kusini. Hakurudi. Kwa Wajaluo, asiyerudi huzikiwa tunda la yago, likalazwa kaburini mahali pa mwili. Lakini bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alimkataza mjane wake, Abonyo: aache ushenzi, serikali ingesimamisha jiwe la ukumbusho mjini na kuandika jina la mumewe. Abonyo akaamini. Miaka kumi, maskini, akaamini!

"Umeliona jiwe?" alimuuliza mwanawe Ogweno, baba wa mtoto, aliporudi kutoka mjini.

"Nimeliona, mama. Juu yake kuna mtu wa shaba, amebeba mzigo kichwani."

"Na jina la baba yako?"

"Hakuna jina hata moja. Ya Wazungu yamechongwa kanisani, yote. Nilipomuuliza karani, akanicheka. Eti wapagazi walikuwa wengi mno, nani angejisumbua?"

Mara nyuma ya ukuta pakasikika mtu akihema, akizunguka nyumba kwa nyayo nzito za mtu aliyeelemewa, harufu ya magunia ikizidi, mtoto akikoroma kwa kukabwa na kidevu chake mwenyewe, mpaka nyayo zikasimama mlangoni.

"Nyar Ugenya," sauti ikanong'ona, "nitue."

Binti wa Ugenya: hivyo ndivyo Orinda alivyokuwa akimwita Abonyo.

Mganga Abidha alipoitwa, alimtazama mtoto akasonya. "Mmemwacha Orinda kwenye jiwe la mjini na mzigo wake, mnangoja nini? Mzikeni leo hii!"

Wakalizika yago, wakalia kilio cha miaka kumi. Mtoto akainua kichwa, akacheka. Abonyo akamlaani bwana shauri kwa sauti, bila woga.

Kesho yake adhuhuri harufu ikarudi, kali zaidi. Abonyo akachungulia. Njiani hapakuwa na mtu, lakini majani yalilala chini ya nyayo, jozi baada ya jozi, kutoka mlangoni pake hadi mtoni na ng'ambo ya mto.

"Mama, nami nitue," ikasema sauti ngeni, ya mtu wa mbali.

"Nami, mama."

"Nami."

Nyuma yake, kichwa cha mtoto kikaanza kushuka. Abonyo akanyakua kikapu, akakimbilia mti wa yago.

Yalikuwa yamebaki matunda manne.