Mwerezi Uliomeza Misumari

Haya yalimpata dada yangu wa damu, Chizuru, na mimi nilikuwepo. Sikuhadithiwa na mtu.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Tulikaa barazani, mimi, dada na jirani yetu Bibi Isono, tunamenya matunda ya kaki ya kuanika. Kimbunga kilikuwa kimepita siku chache nyuma. Kiling'oa paa la banda la watu na kuangusha mwerezi mkubwa nyuma ya kihekalu cha mlimani, kile ambacho kuhani wake alishahamia mjini Toyama zamani na hakuna aliyeletwa badala yake.

"Wasichana, mnamenya au mnachonga mbao?" Bibi Isono alisema, akiyatazama maganda yangu manene.

Sisi wasichana tulishapita miaka sitini. Yeye alikuwa na themanini na ushee, mdogo kama kifaranga, na kila akisema maneno machache alisimama kuvuta pumzi, kiganja chini ya ziwa la kushoto. Kijiji chote cha Nagisawa kilimzoea hivyo. Madaktari walimpiga picha za kifua tangu ujana wake na hawakuona kitu.

"Ule mwerezi nimeuomba," dada alisema. "Mwenyekiti kaniambia nichukue wote."

Kisu cha Bibi Isono kikasimama. "Wa nini?"

"Majivu. Nataka nione utanipa rangi gani kwenye kioo."

Bibi Isono aliweka kisu chini. Kisha akacheka kidogo. "Mti ule si wa kuchoma. Lakini nani atanisikiliza mimi, kizee cha pumzi nusunusu?"

Akaaga. Aliacha kaki yake imemenywa upande mmoja.

Lazima nimseme dada kidogo, mjue kwa nini hakusikia. Chizuru alianza kazi ya kioo akiwa binti mdogo, katika kiwanda cha kaskazini kilichotengeneza maboya ya kioo ya nyavu za wavuvi. Alikuwa mwanamke pekee mbele ya matanuru. Wanaume walimpa ufagio afagie vigae. Alifagia, akatazama, na siku mpulizaji mmoja alipougua alichukua bomba lake akapuliza boya la kwanza bila kuulizwa. Baadaye alikuja huku milimani, akajenga tanuru lake mwenyewe. Mikono yake ina makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilihamia kwake, nikawa napika na kufunga vyombo kwenye maboksi ya maonyesho.

Alipata sifa, ndiyo. Lakini kila mwaka majaji wa maonyesho walimwandikia jambo lile lile: mikono yake ni hodari, ila kioo chake hakina sauti. Maneno yale yalimla. Alitaka rangi moja tu ambayo mtu akiiona mahali popote duniani aseme, hii ni ya Chizuru.

Kwa hiyo mwerezi ukakatwa.

Msumeno wa mota ulikatika meno mara tu ulipoingia kwenye shina. Mkataji akabadilisha mnyororo. Ukakatika tena. Akapiga magoti, akachungulia kwenye ule mkato, kisha akarudi nyuma akipangusa mikono kwenye suruali.

"Mama, humu ndani kuna misumari," alisema. "Mingi. Mti umeimeza."

Kila mtu wa kwetu anajua kazi ya misumari kwenye mti wa hekalu. Unamchukia mtu, unasuka mwanasesere wa majani makavu ya mpunga, unatia nywele za huyo mtu ndani yake, unapanda mlimani watu wamelala, unampigilia. Mahali msumari unapopita kwenye mwanasesere ndipo mwenyewe anapoumia.

"Dada, tuuache," nilinong'ona.

"Chuma ndicho kinachokipa kioo ukijani," alisema. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Fumie, mti umekunywa chuma miaka mia. Unaelewa? Hakuna mwingine mwenye majivu kama haya."

Tukauchoma. Moshi wake haukupanda juu. Ulitambaa chini, ukateremka mlima taratibu kuelekea kwenye nyumba, kama mtu anayeijua njia.

Dada alichekecha majivu, akayachanganya na mchanga na magadi, akayatia kwenye chungu cha tanuru. Kioo kilipoiva alichota kwa ncha ya bomba, akapuliza kikombe cha kwanza. Nilimwona dada yangu akilia. Kilikuwa cha kijani, lakini kijani chenye kina, kama maji ya mto chini ya barafu, na ndani yake kulikuwa na nuru ambayo haikutoka dirishani.

Kikombe kile alimtumia binti yake Nahoko, aliyekuwa mjamzito, kule Kanazawa alikoolewa. Kisha akapuliza vingine, bakuli na vikombe na chupa, rafu nzima ikajaa.

Chombo kipya huwekwa kwenye tanuru dogo la kupozea, kipoe polepole kisipasuke. Wakati mwingine kioo hulia humo, *tin*, mlio mwembamba. Tumeuzoea. Mchana ule nilikuwa napanga maboksi nikasikia mlio mwingine.

*Kon.*

Nikainua kichwa. Kimya.

*Kon. Kon.*

Nyundo. Nyundo juu ya msumari, msumari ndani ya mti. Ilitoka ndani ya tanuru la kupozea. Tulifungua. Vyombo vyote vilikuwa vizima, vimepangwa vile vile tulivyoviweka.

Kesho yake Bibi Isono alipanda kwetu bila fimbo. Karibu mbio! Mashavu yake yalikuwa mekundu.

"Wasichana! Nisikilizeni!" Akavuta pumzi, ndefu, mpaka mwisho, akaitoa huku anacheka. "Mmeona? Hakuna kitu! Hakiumi!"

Akaketi barazani akatusimulia jambo ambalo hakuwahi kulitamka. Alipoolewa, kulikuwa na mwanamke mwingine aliyemtaka yule mume. Baada ya harusi kifua kikaanza kuuma. Mumewe alipanda mlimani akamkuta mwanasesere ana nywele za mkewe, msumari umepita kifuani. Aliuvuta kwa koleo. Haukutoka. Mwaka hadi mwaka mti ukaota juu yake, mpaka usionekane.

"Sasa mmeuchoma," alisema. "Vuli hii nitapanda kuchuma uyoga, na mkinifuata mtachoka nyie!"

Dada alicheka naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama dada. Alikuwa anacheka huku kiganja chake kiko chini ya ziwa la kushoto.

"Unaumwa?" nilimuuliza tulipobaki wawili.

"Nimekaa vibaya tu."

Hakuwa amekaa vibaya. Siku zilizofuata alipuliza akisimama kila mara, midomo imekauka. Na kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Alikuwa anapuliza chupa kubwa. Puto la kioo lilikuwa jekundu kwa moto kwenye ncha ya bomba. Ghafla akaachia mdomo, akajishika kifua. Bomba lilibaki limeegemea kwenye vyuma vyake. Hakuna aliyelishika.

Puto likavimba.

Likanywea.

Likavimba tena. Polepole. Kama mtu aliyelala.

"Dada," nilinong'ona. "Nani anapuliza?"

Tulilitazama likipumua mpaka lilipopoa likawa la kijani, likaganda katikati ya pumzi.

Hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa Kazuma, mkwe wetu, mume wa Nahoko.

"Mama, niko hospitali. Nahoko hawezi kupumua. Wamempima kila kitu, hawaoni kitu. Anasema kuna mtu anagonga."

"Anagonga wapi?"

"Ndani ya kifua chake, mama. Na mtoto... mapigo ya mtoto yanapotea yanarudi. Yanafuata hiyo nyundo."

Dada alishika ukuta. "Kile kikombe changu. Anakitumia?"

"Kila asubuhi. Anakipenda mno."

"Kazuma, nisikilize. Usikivunje. Kifunge kwenye taulo ukilete. Sasa hivi."

Wakati tunamsubiri, dada aliwasha moto wa tanuru mpaka mwisho. Tukaviteremsha vyombo vyote kutoka rafuni, tukafungua maboksi niliyoyafunga mwenyewe. Kilichotoka motoni kitarudi motoni, aliniambia. Nilimwona ameshakata shauri, na nikamwona pia anachelea kutazama mlangoni.

Bibi Isono alikuwa amesimama pale. Mkononi ana kikapu cha uyoga.

"Mnafanya nini, wasichana?"

Dada aliweka bakuli chini. Akamweleza yote, bila kuficha. Nahoko. Mtoto. Nyundo. Mwisho akapiga magoti sakafuni, paji la uso chini, mikono mbele.

"Bibi, nikiyeyusha hivi sijui ile nyundo itakwenda wapi."

Bibi Isono alimtazama muda mrefu. "Kwani ilitoka wapi?" alisema.

Moto ulinguruma.

"Nimepanda mlima," alisema, kama anaongea na kikapu chake. "Juzi niliimba wimbo mzima, sikukata hata mstari. Mwanangu Yasuhei alidhani nimelewa." Akavuta pumzi ndefu, kisha nyingine, kama mtu anayekunywa maji kabla ya safari. "Mimi niliizoea. Mtoto wa tumboni ataizoea vipi? Inuka, Chizuru. Unanitia aibu."

"Bibi..."

"Inuka, nimesema! Choma, kabla sijaogopa."

Akaketi juu ya boksi, magoti pamoja, mikono juu ya magoti.

Dada akatia bakuli la kwanza kwenye chungu.

*Kon.*

Bibi Isono akafumba macho.

Kikombe. *Kon.* Chupa. *Kon.* Kila chombo kilipozama kwenye ule uji mwekundu, nyundo iligonga kutoka chini ya chungu, na kila ilipogonga, kizee kile kilizidi kuinama. Nilimshika mabega. Chini ya nguo nilihisi pigo likipita mgongoni mwake na kuingia kwenye viganja vyangu.

"Basi!" nilipiga kelele. "Dada, basi!"

"Bado," Bibi Isono alinong'ona. "Bado kile cha binti."

Kazuma alifika jua likiwa linazama, taulo kifuani kama kabeba kichanga. Dada alikichukua kikombe, chake cha kwanza, kile kilichomliza. Alikitazama mara moja. Akakitia.

Hakikugonga. Kilipiga ukelele. Mlio mwembamba wa mwanamke, kwa mbali, upande wa mlimani. Kisha kimya kabisa.

Bibi Isono akafumbua macho. Kiganja chake kilikuwa kimerudi pale pale, chini ya ziwa la kushoto.

"Ah," alisema, anahema. "Karibu nyumbani."

Alikataa kusindikizwa. Tulimtazama akiteremka, anasimama, anahema, anasimama tena. Kabla hajafika kwake simu ya Kazuma ililia. Nahoko alikuwa amekaa kitandani, anadai tambi za moto.

Dada alizima tanuru, jambo asilolifanya tangu alijenge. Chungu kilipasuka kilipopoa, na lile bonge la kijani tulilizika mlimani, shimo refu. Maumivu yake mwenyewe yaliondoka jioni ile ile. Hajapuliza kioo tena. Watu wa maonyesho walipopiga simu alisema mapafu yamechoka.

Nahoko alijifungua msichana mnene, mwenye sauti kubwa. Bibi Isono alimbeba mara moja tu, akamnusa utosi, akasema anapumua vizuri huyu.

Bibi Isono alifariki theluji ikiwa imefika madirishani, amekaa kwenye meza ya joto, ile yenye blanketi na moto chini yake, chungwa mkononi. Yasuhei alituomba tuwe pamoja na familia kwenye kuokota mifupa baada ya mwili kuchomwa, maana hakuwa na ndugu wengi.

Mfanyakazi wa nyumba ya kuchomea maiti alivuta ile sahani ndefu ya chuma kutoka kwenye moto. Mifupa ilikuwa myeupe, inatoa joto lililotuchoma nyuso. Tulichukua vijiti vyetu, tukaanza miguuni kama ilivyo desturi, tukapanda juu, mfupa kwa mfupa, kuingia kwenye chungu. Tulipofika kifuani yule mfanyakazi alinyanyua mkono.

"Samahani. Nani ameweka kioo kwenye jeneza? Tuliomba kisiwekwe. Kinayeyuka, kinagandana na mifupa."

"Hatukuweka," Yasuhei alisema. "Tuliweka maua tu."

Kilikuwa kati ya mbavu, upande wa kushoto. Kirefu kama kidole cha kati. Kina kichwa cha pembe nne kama msumari wa zamani, kina ncha kali. Cha kijani, chenye kina, kama maji ya mto chini ya barafu. Na hakikuwa kimeyeyuka hata kidogo.

Bibi Isono hakuwahi kugusa chombo hata kimoja cha rangi ile. Nilikuwa pale siku zote. Najua.

"Hiki sikukitengeneza mimi," dada alinong'ona. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Moto huu ungekiyeyusha. Yasuhei, usikiguse."

Lakini Yasuhei alishakinyanyua kwa vijiti na kukiweka kwenye kiganja kitupu. Tulisubiri apige kelele. Alisimama tu, anakitazama.

"Ni baridi," alisema.

Kandokando ya nafasi kilipokuwa kimelala, mifupa ya mama yake ilikuwa bado inafuka moshi.