Gundi ya Kisigino na Askari wa Damu

Kila asubuhi, kazi ya kwanza ya fundi Kisigino ilikuwa kufunga dirisha.

Huyu alikuwa fundi viatu. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kisigino alichopigilia yeye hakikung'oka. Alifanyia kazi sebuleni kwake. Dirisha alilifunga kwa sababu vumbi likigusa gundi mbichi, soli haishiki. Gundi ikiwa nzito, aliizimua kwa petroli. Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyeipaka kwa kidole. Jioni walinawa mikono kwa petroli hiyohiyo. Pacha wao, wasichana wa miaka minne, walicheza chini ya meza.

Mwaka huo Kisigino akaanza kuchoka ovyo. Fizi zikawa zinatoka damu. Alisema uzee unabisha hodi, naye hajafika hata arobaini.

Mama Pacha alimsihi mpaka akaenda hospitali. Alipopimwa, damu ilionekana imepungua: chembe nyekundu, chembe nyeupe, hata zile za kuigandisha. Daktari aliuliza kazi yake, akamwambia aache kabisa kuvuta hewa ya gundi na petroli, arudi baada ya mwezi.

Kisigino alishika neno moja tu: chembe nyeupe, askari wa mwili.

"Askari wana njaa," alimwambia mkewe. "Tuwalishe."

Tangu hapo kila asubuhi alikunywa kitunguu saumu kilichopondwa, kwa ndimu na asali. Kisha alifunga dirisha na kufungua kopo la gundi. Mama Pacha aliona ni sawa. Askari akishiba, atapigana. Lakini wiki mbili zilipita, na mume alizidi kupauka. Hapo Mama Pacha akaanza kuvurugika akili.

Jirani yao alikuwa mpimaji wa damu katika maabara. Mtaani walimwita Dada Darubini. Jumapili moja alileta kiatu kilichoachama. Mlango ulipofunguliwa alirudi nyuma hatua moja, akafunika pua. Mama Pacha akamweleza yote, pamoja na dawa ya kitunguu.

"Kitunguu ni chakula kizuri," alisema jirani. "Lakini shemeji, hao askari unaowalisha ndio wanaomalizia kuitengeneza sumu yako."

"Yaani polisi wangu ndio wezi?" Kisigino akacheka.

"Si wezi. Wako kazini."

Akaeleza polepole. Ndani ya petroli, na hata ndani ya gundi nyingine, mna kemikali iitwayo benzini. Mtu huivuta na hewa, nyingine hupenya ngozini. Ini huibadilisha ili itoke kwa mkojo. Lakini mabaki mengine hufika kwenye uboho, ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Huko zipo chembe nyeupe zenye vimeng'enya, yaani vitu vya mwili vinavyogeuza kitu kimoja kuwa kingine. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni kusaidia kuua vijidudu. Vikikutana na mabaki ya benzini, huyageuza yakawa makali, yakajeruhi chembe changa za damu. Damu hupungua. Miaka ikipita, jeraha hilo laweza kuwa saratani ya damu.

Mama Pacha alichanganyikiwa kabisa. Aliuliza kama basi ni heri mtu asiwe na askari. Jirani akasema hapana, bila wao ugonjwa mdogo tu ungemmaliza. Mama Pacha akauliza kama kitunguu ndicho kiliwapa askari nguvu ya kuharibu. Hapana pia.

"Sasa kosa la nani, dada?"

Kisigino alikuwa ameshika soli iliyopakwa gundi tangu asubuhi. Akaigusa kwa kidole. Ilikuwa kavu, haishiki kitu.

"Hii imelala," alisema, kama anayejisemea. "Ikipata joto la pasi, inaamka. Ikiamka huibandui." Akaiweka chini. "Na pasi haina kosa. Haijui imeletewa nini."

"Ndivyo," alisema jirani. "Na hiyo pasi ya mwilini, yaani hao askari, huwezi kuizima."

"Basi tusiipelekee gundi?" aliuliza Mama Pacha, bado hana hakika.

Kisigino akalalamika kwamba dirisha likiwa wazi vumbi litaharibu kazi, na jina lake litaharibika nalo. Mkewe hakubishana. Alionyesha chini ya meza.

"Na hawa nao wanavuta hewa hiyohiyo, Baba Pacha."

Kisigino aliwatazama watoto. Kisha akaenda akafungua dirisha, akalitoa kopo nje.

Kwa miezi mitatu alishona kwa sindano tu. Baadaye alinunua gundi isiyo na benzini. Aliipaka nje kwa brashi, chini ya bati, na soli akazifunika kwa boksi zisipate vumbi. Mikono walinawa kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni. Petroli haikuingia tena ndani. Pacha nao walipimwa, wakakutwa salama.

Kipimo cha baada ya mwezi mmoja kilionyesha damu imeacha kushuka. Cha baada ya miezi mitatu kilionyesha imepanda. Daktari alifurahi, ila akamtaka aendelee kupimwa. Mama Pacha alimuuliza naye lile swali la kosa ni la nani. Daktari akatabasamu, akaandika tarehe ya kurudi.

"Mimi bado sijaelewa vizuri," alimwambia mumewe njiani.

"Hata mimi," alisema Kisigino. "Lakini damu imeelewa."