Mgeni wa Kiti cha Dirishani

Vikombe vya kabatini vilianza kutetemeka mchana, Selestina akiwa anakata vitambaa vya mapazia. Vilitetemeka kwa mpigo, taka-tak, taka-tak, kisha vikatulia. Akatoka kutazama barabarani. Hakukuwa na lori wala trekta.

"Labda wametuletea reli Karatu bila kutuambia," mumewe Emmanueli alisema jioni, akacheka peke yake.

Selestina hakucheka. Mlio ule aliujua. Wiki iliyopita alikuwa India na rafiki yake Goodness wa Rhotia, wakinunua vitambaa vya mapazia ya hoteli. Goodness alikuwa amewahi kumpeleka mama yake hospitali huko, hivyo ndiye aliyeongoza njia. Lakini treni ziliwatesa. Kwanza walipanda behewa lisilo lao, wakateremshwa na mizigo yao. Kisha wakasubiri upande mmoja wa kituo, treni ikaja upande wa pili. Selestina alivuka daraja mbio na kiatu kimoja. Ya tatu waliipata, nayo ikasimama porini kwenye joto kali. Goodness akashuka kutafuta chai.

Selestina akabaki peke yake nyuma ya pazia la viti vyao. Tangu wafike, Kiswahili alikuwa anakisikia kwa Goodness tu. Ndipo sauti ya mwanamke ikasema nje ya pazia, polepole, kama mwanafunzi anayesoma neno ubaoni:

"Hodi."

"Karibu!" Selestina alijibu kwa furaha. "Karibu sana mwenzangu, karibu nyumbani!"

Hakuingia mtu. Pazia lilijaa kama limesukumwa na bega, kiti cha dirishani kikabonyea, ikaja harufu ya chuma cha moto na maua yaliyooza. Goodness aliporudi alikitazama kile kiti, akamkumbatia Selestina, akalia. Kisha akalala fofofo, yeye ambaye safari nzima alikuwa hafumbi macho. Selestina alidhani ni uchovu.

Siku moja baada ya vikombe kutetemeka, harufu ileile ilimpokea sebuleni kwake. Binti yake Blandina, wa darasa la kwanza, alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa kochi, akiyumba taratibu kulia na kushoto. Uji wake ulikuwa umeganda.

"Mbona huli?"

"Bado hatujafika," mtoto alisema.

"Hatujafika wapi?" Selestina akakaa karibu naye, upande wa dirisha.

"Mama, sogea," Blandina alinong'ona. "Umemkalia."

Hakula siku hiyo, wala iliyofuata, na kila vikombe vilipotetemeka alijibanza zaidi pembeni kumpisha mtu ambaye Selestina hakumwona, ila aliuona mto wa kochi ukibonyea, ukivimba, ukibonyea tena, kama mwenye kuukalia anajisogeza karibu zaidi na mtoto.

Selestina alikwenda kijiji cha Kansay kwa Mama Bernadina, mganga asiye na maneno mengi. Alimkuta akikamua mbuzi.

"Aliingiaje?" mganga aliuliza, bila kuacha kukamua.

Selestina akaeleza.

"Angeingia kwa wizi ningemtoa leo hii. Lakini wewe umemkaribisha nyumbani kwa mdomo wako. Mgeni wa mtu hafukuzwi, anasindikizwa. Msindikize kwa aliyemkaribisha kabla yako."

"Ni nani?"

"Jini la India limejulia wapi hodi, mwanangu? Nenda kamuulize aliyelifundisha. Akilipokea, umepona. Akikataa, litalala utakapolala wewe."

Selestina alifika Rhotia ukungu ukiwa umefunika mashamba ya mahindi. Njia nzima nyayo zilimfuata, akisimama zinasimama, akiharakisha zinaharakisha, na kila zilipomkaribia alisikia pumzi ya joto kisogoni na ile harufu ya maua yaliyooza ikimwingia mpaka kooni, akawa anatembea amefumba mdomo asije akapiga kelele na watu wakatoka majumbani na kumkaribisha. Alipofika kwa Goodness akasimama getini.

"Hodi!"

Pazia la dirisha likasogea.

"Goodness, nakuona. Hodi!"

"Usiseme hilo neno hapa," Goodness alinong'ona kupitia nondo za dirisha. "Mimi siku hizi sijibu. Hata mchungaji simjibu."

"Ulilifundisha wewe."

"Lilinifuata tangu safari ya mama. Mwanangu Jackson alibaki mifupa. Safari yetu hii nikalirudisha kulekule, nikasema Wahindi watalichukua, lakini hakuna aliyelijibu."

"Mimi nina Blandina! Ulimshika wewe siku alipobatizwa!"

"Najua."

"Sasa kwa nini mimi?"

Goodness alishika nondo za dirisha. "Kwa sababu wewe hujawahi kumnyima mtu karibu, mama Blandina. Ningemchukua nani mwingine?" Akafunga dirisha. Komeo lilisikika, kisha la pili.

Selestina alipiga hodi mpaka sauti ikakauka. Nyuma yake, sauti nyingine ilipiga hodi pamoja naye, sasa bila kukosea hata kidogo.

Akarudi barabarani, akampigia simu Emmanueli.

"Mtoto vipi?"

"Ajabu! Tangu uondoke amekula mara mbili. Sasa anataka maharage. Unarudi saa ngapi?"

"Mpe maharage."

"Unarudi saa ngapi, Selestina?"

"Baba Blandina, sikiliza. Ukisikia sauti yangu mlangoni inapiga hodi, usijibu. Hata nikilia. Na mtoto asijibu."

Alikata simu kabla hajaulizwa. Basi la Arusha likatokea kwenye ukungu, akalisimamisha, akapanda, akakaa kiti cha nyuma upande wa njia. Kondakta alimjia, akamtazama, kisha akatazama upande wa dirisha na kutabasamu kwa heshima.

"Shikamoo mama," alikisalimia kile kiti. Halafu akamgeukia Selestina. "Na mwenzako anashukia wapi?"