Mbinya Hakufa

Siku ya soko huwezi kupita mjini Wote bila kukanyagwa, na Kalunde alikuwa amekanyagwa vya kutosha asubuhi hiyo. Alipoona kitu chekundu kiking'aa ndani ya rundo la mitumba, kati ya wanasesere bila vichwa na magari bila magurudumu, alikidaka kwa hasira. Mkono mwingine ukakidaka pamoja na wake.

"Pole, dada, hiyo ni yangu," akasema mwenye mkono. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likakubali, kalamu mfukoni.

"Yako tangu lini? Si iko kwa mitumba?"

"Nimeitafuta mwaka mzima. Hiyo ni dadu."

Kalunde akaigeuza. Ilikuwa na nyuso ishirini, kila uso na nambari yake. "Mimi ni fundi wa nguo. Hapa naona kifungo cha koti."

Walibishana mpaka mwenye rundo akachoka, akamuuzia Kalunde. Ndolo, ndilo jina la kijana, akabaki kubembeleza. "Basi njoo nayo Jumamosi, nyuma ya studio ya Muli mpiga picha. Ukiona haina kazi, ishone kotini."

"Na nikipotea njia?"

"Nitakusubiri barabarani."

Alimsubiri kweli. Kalunde alitokea na gauni la manjano la kola pana, alilolishona mwenyewe, na Muli akasahau kufunga mdomo.

Ulikuwa mchezo wa kukaa mezani na kubuni. Mwalimu mmoja wa kujitolea alipokuwa akirudi kwao ng'ambo alimwachia Ndolo kitabu kinene, *Falme za Ukungu*. Kila mchezaji anakuwa mtu wa hadithi: huyu shujaa, yule mwizi, mwingine mponyaji. Ndolo anasimulia mapango na majoka yaliyo mbele yao, na dadu inaamua kama upanga umepata au umekosa. Watu wa kanisa walinong'ona habari za majini, hadi mchungaji mwenyewe alipokuja kuchungulia, akavuta kiti, akawa mwizi hodari kuliko wote. Kalunde alichagua kuwa mponyaji, akampa jina la nyanya yake marehemu, Mbinya.

Mapenzi yaliingia hapo hapo mezani, na wote waliyaona kabla ya wenyewe.

"Mpenzi, leo Mbinya anaenda wapi?" Ndolo alikuwa akiuliza.

"Anaenda unakompeleka."

"Na Kalunde je?"

"Huyo bado hajapelekwa popote."

Hilo lilikuwa dongo. Kwao Ukambani msichana hajachumbiwa mpaka mbuzi wa ntheo wafike nyumbani kwa wazazi wake, na mama yake Kalunde alishaanza kuuliza. Shangazi yake wa Kibwezi naye alikuwa na duka la ushonaji na alimtaka aende akae huko. Kalunde alikuwa akimpiga chenga kwa sababu ya Ndolo. Na Ndolo alikuwa na jibu moja tu: kaka yake Musembi, kule Mbooni, hajaoa, na mdogo hamtangulii mkubwa. Ndolo alikuwa karani wa ofisi za wilaya, mtu ambaye tangazo likisema chai ni saa nne, hata kikombe hakigusi kabla ya saa nne. Mapenzi yake nayo aliyaweka kwenye foleni.

Siku moja joka lilimwangusha shujaa wa Muli. Mbinya akampa uhai wake mwenyewe ili ainuke. Kalunde akarusha dadu, ikatoka nambari mbaya. Ndolo akafungua kitabu.

"Mbinya amekufa," alisema polepole. "Harudi tena."

"Asi, Ndolo. Mponyaji anakufa kwa kuponya? Hiyo ina maana kweli?"

"Kitabu kimesema."

"Najua kitabu kimesema. Wewe unasemaje?"

Ndolo alimtazama, akautazama ukurasa. Moyoni alijua ni upuuzi. "Kitabu kimesema," akarudia.

Kalunde alisimama, akachukua dadu yake. "Leo ni kitabu, jana ilikuwa Musembi. Siku ya kusema wewe mwenyewe sitaingoja. Shangazi ananingoja Kibwezi." Akaondoka, na mchungaji akasahau kufunga mchezo kwa maombi.

Karani akiumia anaandika barua. Jumatatu Ndolo aliwaandikia waliotunga mchezo, akaulizia sheria ya mponyaji, kisha akakonda. Kalunde alikuwa ameshahamia Kibwezi jibu lilipofika: karatasi iliyoandikwa Masahihisho Rasmi. Mstari mmoja uliachwa mtamboni, walisema. Mponyaji huzirai tu, na huamka alfajiri. Tunaomba radhi.

Ndolo alikimbia hadi kwenye kibanda cha simu cha posta, akapiga dukani kwa Nadifa, jirani ya shangazi. Nadifa akaenda kumwita Kalunde.

"Kalunde, mpenzi, Mbinya hakufa. Walikosea kuchapisha. Ni rasmi kabisa."

Kalunde akajibu kwa sauti ya chini. "Kumbe umeambiwa."

"Si unafurahi?"

"Ndolo, mimi nilijua bila karatasi. Hata wewe ulijua, nilikuona usoni. Nilitaka useme wewe." Simu ikakatika, na si kwa kuishiwa shilingi.

Ndolo alikaa kwenye ngazi za posta akiisoma tena ile karatasi. Neno lililomkaba lilikuwa radhi. Wenye sheria wenyewe walikuwa wameulizwa, wakakubali wamekosea. Yeye sheria yake ya Musembi hajawahi kumuuliza mtu yeyote. Alichukia ujinga wake mpaka akacheka.

Jumapili alimkuta Musembi kule Mbooni, juu ya ngazi, akichuma maparachichi.

"Kaka, unaoa lini?"

Musembi nusura aanguke. "Mwaitu amekutuma?"

"Hapana. Mama hajanituma. Nataka kuoa, na siwezi kukutangulia."

"Huwezi bila kuniuliza. Mdogo anakuja anaomba ruhusa, mkubwa anambariki, imeisha. Hata baba alimtangulia kaka yake hivyo. Kumbe umekaa Wote ukidhani nimekufungia mlango? Mimi nilidhani msichana humpendi."

Ndolo alishika ngazi kwa mikono miwili. "Basi naomba."

"Basi nenda. Na mbuzi wangu yule mweupe awe wa kwanza kwenye ntheo."

Kibwezi ilikuwa na joto kali. Kalunde alikuwa kwenye cherehani barazani, gauni lile lile la manjano, na shingoni, ndani ya wavu wa uzi alioushona vizuri, dadu nyekundu ilikuwa kifungo.

"Karatasi yako iko wapi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nimeiacha kwa Muli. Siku ile nilikuwa mwoga, Kalunde. Mbinya hakufa, nasema mimi. Na Musembi ametubariki, lakini hata angekataa ningekuja. Nakupenda. Nataka kuleta mbuzi kwenu."

Cherehani ilinyamaza. Nadifa, dukani kwake, aliacha kupima sukari.

Kalunde alishika kifungo chake. "Nikate uzi turushe? Nambari kubwa, nakubali."

"Hapana," Ndolo akasema. "Hii haturushi."

Macho ya Kalunde yalijaa machozi, na mdomo ukawa unacheka. "Haya. Leta mbuzi Jumamosi. Na mchezoni mtafute dadu nyingine, kwa sababu hii haitoki hapa."