Sufuria za Chloé na Mkia wa Helikopta

Soko la Kamina lilikuwa limefurika watu siku Nahum Kyungu, fundi wa helikopta ya jeshi, alipoinama mbele ya meza ya sufuria akaanza kuzigonga moja moja. Alivaa ovaroli ya mafuta juu ya shati jeupe la kanisani, kichekesho kitupu. Chloé, binti wa mzee Amédée anayeyeyusha aluminiamu na kusubu sufuria, alijifunga vizuri kikwembe chake cha kijani, akamtania mteja.

"Papa, unagonga kama mulango. Unatafuta nani ndani?"

"Weye."

Akacheka, na mambo yakaanza.

Kila Jumapili baada ya kwaya Nahum alimsindikiza nyumbani, akimsimulia helikopta yake kana kwamba ni shangazi yake.

"Ilikuwa inaokoa bantu mu bahari, kwenye inchi ya baridi. Bakaichoka, bakaiuzisha huku na ndugu yake. Ile ndugu hairuke, tunatoaka tu mapièces ya kutengeneza ile yangu."

"Na rangi?"

"Ya machungwa. Kusudi muntu mwenye kuzama aione."

Kisha vita vya mwaka tisini na nane vikaja. Barabara ya Kinkondja ikafungwa, majeruhi na akina mama wenye watoto wachanga wakabaki huko kando ya ziwa. Nahum aliamriwa kuitayarisha helikopta, akakuta boksi la gia la mkia limepasuka. Akakimbilia kwenye ile nyingine: boksi lake limeng'olewa! Kamina nzima inajua aluminiamu ya wizi huishia wapi. Alipofika kwa mzee Amédée aliona rangi ya machungwa chini ya gunia, karibu na moto.

Angeuliza. Lakini hasira hasara.

"Kumbe njo sababu ulikuwa unaniuliza rangi! Weye na baba yako muko bezi! Bantu batakufa sababu ya sufuria!"

Chloé alivuta gunia pembeni. "Beba kintu yako, utoke." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mzee Amédée aliacha kuvukuta moto.

"Kijana, soda moya, askari wa base yenu, njo aliniuzisha ile. Nilikuwa naitia mu moto, Chloé akaona rangi, akalia. Akanipa sufuria yake yote ya ndoa, ile anaweka tangu mutoto, niyeyushe ile pahali yake. Alikuya kukuita ku base, basoda bakamufukuza."

Nahum aliona aibu. Akausogelea mlango.

"Chloé, nimekosa. Fundi mwenye kufunga mukia njo anarukaka nayo wa kwanza. Naenda Kinkondja."

Mlango haukufunguliwa.

Boksi lilifungwa usiku kucha. Helikopta iliporudi kesho yake alasiri, Chloé alikuwa uwanjani, kitambaa kimemdondoka kichwani. Walishuka majeruhi, wakashuka akina mama. Mwisho akashuka rubani Malachie, peke yake.

"Capitaine! Nahum iko wapi?"

"Muzima. Alipatia mama moya wa mapasa, mwenye batoto babili, nafasi yake. Sasa mafuta imeisha, siwezi kurudi kule. Kimbia ku phonie ya misheni, anakungojea ku ile ya kule."

Chumba cha phonie, redio ya upepo ya misheni, kilijaa watu, na phonie haina siri. Sauti ya Nahum ilikuja ikikwaruza, ikiishia na "à toi", sasa zamu yako, kwani mmoja akibonyeza kitufe mwingine hasikiki.

"Chloé, unanisikia? À toi."

"Nakusikia. À toi."

"Nisamehe, mupenzi wangu. Minyi nakuya na kinga, nanyonga pedali mpaka kwako, hata basoda beko mu njia. Nikifika, naenda kukuomba kwa baba yako. Utanikubali? À toi."

Wote walimgeukia. Chloé akabonyeza kitufe kwa nguvu.

"Nimekubali! Kuya tu muzima, Nahum, kuya muzima. À toi."

Alikuwa analia, na kitufe bado amekibonyeza. Ikabidi Émerence, mwenye phonie, amwondoe kidole taratibu ili Nahum apate kujibu.